Chenga za Kung'arishia Shaba

Kwetu, kuanzia Bukavu hadi Bujumbura, mgeni akiingia jikoni haangalii kilichomo ndani ya sufuria. Anaangalia kitako chake kwa nje. Kikiwa cheusi, ameshakujua wewe ni nani. Kikimeta, Jumapili utasifiwa mlangoni pa kanisa. Mimi Constance ninasuka nywele za watu kutwa nzima, nikifika nyumbani vidole vimekufa ganzi, kwa hiyo sufuria zangu ni nyeusi na anayetaka kusema na aseme. Lakini Gloriose, yule Mrundi niliyepanga naye fleti moja South Beach, hapa Durban, alijali kwa niaba yetu sote.

Tuliishi ghorofa za juu, lifti ikigoma unapanda huku unatubu dhambi zako. Chumba kimoja changu, kingine chake na mume wake Pierre-Claver na binti yao mdogo Lyse, na jiko letu sote. Kwao Gloriose alisugulia vyombo majivu na mchanga wa mtoni, kwa gunzi la mahindi. Hapa majivu utayatoa wapi, na jiko ni la umeme? Sabuni ya dukani aliidharau, alisema inanukia tu lakini haina nguvu. Siku moja alishuka ufukweni akarudi na mfuko wa mchanga. Mlinzi wa jengo akamfokea kwa kuchafua lifti, na ule mchanga wenyewe, kwa chumvi yake, ukaziachia sufuria madoa. Alikaa chini sakafuni akalia, nami nikamcheka.

"Mama Lyse, hizi sufuria achana nazo. Hapa Durban hakuna mtu anakuja kukukagua."

"Iko Mungu," akanijibu, na hakuwa anatania.

Mume wake kwao alikuwa fundi baiskeli. Hapa alikuwa akisimama kwenye robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, pamoja na wanaume wengine wasio na kazi, kila gari likipunguza mwendo wanalikimbilia. Ndivyo alivyookotwa na mzungu mmoja wa Bluff, Bwana Deon, mwenye karakana nyuma ya nyumba yake. Watu wa klabu za kulenga shabaha wanampelekea magunia ya maganda ya risasi walizokwisha kupiga. Yeye anayasafisha, anayatia fataki mpya, kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti, kisha baruti mpya na kichwa kipya, na yanakwenda kupigwa tena. Ganda la shaba halifi kwa kupigwa mara moja, Pierre-Claver alitueleza, kwa furaha ya mtu aliyepata mkate.

Baruti Bwana Deon aliipima mwenyewe, mlango umefungwa. Kazi ya Pierre-Claver ilikuwa usafi. Anachambua maganda kwa ukubwa, anatenga yaliyopasuka mdomo, anang'oa kwa mtambo wa mkono ile fataki iliyokwisha kuungua. Kisha anayamimina katika mashine yenye bakuli linalotetemeka, pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa yakawa chenga ndogondogo. Bakuli linatetemeka saa kadhaa, chenga zinasugua masizi nje na ndani, na maganda yakichekechwa yanatoka yanang'aa kama pete ya bibi harusi. Alisema vumbi la kuchekecha linampigisha chafya mpaka machozi.

Chenga zenyewe zilianza na rangi ya unga wa dona na kuishia nyeusi. Zikishakuwa nyeusi, Bwana Deon alimwambia azitie kwenye pipa la taka na anawe mikono. Kila mara alimwambia hivyo hivyo, tupa, nawa. Pierre-Claver alinawa, maana ni mtu mtiifu. Kutupa ndiko kulikomshinda. Mtu aliyekulia mahali ambapo hata gunia lililotoboka lina kazi yake, atatupaje kitu kinachong'arisha chuma? Akajaza ndoo ya rangi, akapanda nayo taxi, yale mabasi madogo ya huku, mpaka nyumbani.

Gloriose alitia mkono ndani ya ndoo, akazinusa zile chenga, akacheka hadi akashika ukuta.

"Kumbe na wazungu wanasugua na magunzi!"

Niseme ukweli, sijapata kuona sufuria zinazong'aa vile. Ungeweza kujipaka wanja ukijitazama kwenye vitako vyake. Wanawake wa kanisani walipanda ngazi kuja kuziona, wakaomba wapewe na wao kidogo. Gloriose ni mkarimu, atakupa hata kanga aliyovaa, lakini ndoo ile aliikalia. Alisema zimekwisha, huku ameifunika kwa taulo. Nilimtania kwa uchoyo huo kwa wiki nzima. Leo naushukuru, kwa sababu uchoyo huo ndio uliowaponya watoto wa wenzake.

Lyse alikuwa anakaribia miaka mitatu, na mdomo wake haukuwa na breki. Ndani ya lifti alimsalimu kila anayeingia, kwa "sawubona" na kwa "bonjour", na asiyejibu alivutwa suruali mpaka ajibu. Mimi aliniita Tantine Tansi, shangazi Constance kwa ulimi wake. Sina mtoto, na sitaki kulieleza hilo hapa, ila kila niliposikia "Tantine Tansi" toka kwenye korido, uchovu wa saluni ulikuwa unanitoka mwilini.

Gloriose aliposugua, alikaa sakafuni na ndoo katikati ya miguu, na Lyse alikaa mbele yake na kisufuria chake. Alitia mikono kwenye chenga mpaka kwenye vifundo, akasugua, akalamba vidole, akasugua tena. Tuliona vizuri. Mtoto wa kike anajifunza kazi.

Kwanza lilikuwa tumbo. Alijikunja, akakataa ugali, akakaa siku nyingi bila kwenda chooni. Sista wa kliniki, yaani nesi, alisema ni minyoo, akatupa dawa ya minyoo. Tuliporudi alimvuta kope, akasema damu ni pungufu, akatupa dawa ya maji ya kuongeza damu. Sista hakukosea sana, damu kweli ilikuwa pungufu. Lakini mtoto alizidi kulegea. Akawa analala mchana, akiamka anakasirika bila sababu, akitembea anajikwaa kwenye sakafu iliyonyooka.

Kisha maneno yakaanza kumwacha. Salamu za lifti ziliondoka kwanza. Tukasema amekua, ameanza kuona haya. Halafu siku moja nilirudi kutoka saluni, akanitazama pale mlangoni, midomo ikafunguka, na jina langu halikutoka. Akanionyesha kwa kidole tu. Niliingia chumbani kwangu nikafunga mlango. Iliniuma kuliko nilivyojua kwamba kitu kinaweza kuniuma.

Kanisani walisema ni jicho baya, kwamba mtoto aliyekuwa anasifiwa hivyo lazima kuna mtu aliyemwangalia vibaya. Tulifunga, tukaomba. Gloriose aliomba kuliko sisi wote, na akitoka kuomba alisugua. Alikuwa na imani yake, aliyoipata kwa mama yake, kwamba ugonjwa hukaa penye uchafu na hukimbia penye kung'aa. Akasugua sufuria, vikombe, kijiko cha mtoto, beseni la kuogea, vigae vya jikoni. Ndoo ikipungua, Pierre-Claver alileta nyingine. Kadiri mtoto alivyolegea ndivyo nyumba ilivyong'aa.

Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa mezani. Kijiko kilimwanguka Lyse mkononi, macho yakageuka yakawa meupe, mwili ukakakamaa. Degedege. Lifti ilikuwa imekufa kama desturi yake, kwa hiyo Pierre-Claver alimbeba ngazi zote, mimi na Gloriose nyuma yake tukiita jina la mtoto, na watu wakifungua milango kuchungulia. Dereva wa taxi hakusubiri ijae. Mungu ambariki.

Hospitalini walimtuliza. Daktari alikuwa mwanamke kijana, Mzulu, mwenye sauti ya taratibu. Gloriose hana Kiingereza, na cha Pierre-Claver ni cha kazini tu, hivyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao. Daktari aliuliza mengi, mtoto anakula nini, ameanguka wapi, na mwishowe baba anafanya kazi gani. Nilipomweleza habari ya maganda ya risasi aliacha kuandika. Akaagiza damu itolewe upya, ipelekwe kupimwa kitu kingine.

Majibu yalipokuja Pierre-Claver alikuwa Bluff. Siku usiyokwenda, mwingine anaokotwa kwenye robot. Tulikuwa mimi na Gloriose kando ya kitanda, na Lyse amelala na mrija mkononi. Daktari alivuta kiti akakaa karibu yetu. Alisema damu ya mtoto ina plomb nyingi mno, yale madini mazito ya risasi, na plomb ni sumu ya ubongo, kwa mtoto mdogo zaidi kuliko kwa mtu mzima. Alieleza kwamba iko ndani ya ile fataki. Fataki ikilipuka inaacha masizi kwenye ganda, na anayesafisha maganda anagusa masizi hayo kutwa nzima. Labda baba anayaleta nyumbani kwenye nguo na viatu, alisema. Lakini kwa kiasi alichokiona kwenye damu, nguo peke yake hazingetosha.

"Muulize mama nyumbani anasafisha vipi," akaniambia.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Nilimuuliza Gloriose. Akajinyoosha kwenye kiti, uso ukabadilika.

"Anauliza usafi? Anafikiri mimi niko mchafu?"

"Hapana, Mama Lyse. Anauliza tu."

"Basi mwambie. Mwambie nasugua byote. Sufuria, bikombe, kijiko ya mtoto, hata chini. Mwambie iko dawa ya kung'arisha, Papa Lyse analeta ku kazi, ile ya kusafishia shaba, hakuna sabuni inaishinda. Na tangu mtoto agonjwe sikupumzika. Asubuhi nasugua, mangaribi nasugua. Mwambie Lyse mwenyewe ananisaidia, ameshajua." Akanisukuma bega. "Mbona unanyamaza? Traduis, Maman Constance!"

Nikatafsiri. Kila sentensi, moja baada ya nyingine, na kila nilipomaliza moja Gloriose aliitikia kwa kichwa akimtazama daktari usoni, kama shahidi anayejua kuwa kesi ni yake. Daktari aliweka kalamu chini. Kisha akaniomba nimwambie mama polepole.

Polepole ni namna gani? Nifundisheni, nyinyi mnaojua. Nilimshika mikono nikamwambia kwamba yale masizi ya maganda yalihamia kwenye chenga, ndiyo maana zikawa nyeusi, na kwamba weusi ule ndio uliokuwa ukiingia kwenye chakula, na kwenye vidole vya Lyse, na kutoka vidoleni mdomoni.

"Lakini ni magunzi," alisema.

"Ni magunzi yenye plomb."

"Inang'arisha."

"Inang'arisha, ndiyo."

Alikuwa na pembe ya kitenge mkononi, na kikombe cha Lyse ambacho tangu asubuhi alikuwa akikifuta na kukifuta. Alikitua juu ya meza ndogo, akakisogeza mbali naye. Nililia mimi. Yeye hakulia, alinitazama tu, mpaka nikatamani anipige.

Jioni Pierre-Claver alielezwa. Aliichukua ndoo akashuka nayo. Chini alisimama mbele ya mapipa ya taka, akakumbuka wale wanaochakura humo wakitafuta chakula, na wengine wana watoto. Akaenda hadi ukingo wa barabara, akaona mfereji unaokwenda baharini. Akarudi juu na ndoo yake, amechoka kama aliyebeba maiti. Kesho yake alipanda nayo taxi kuirudisha Bluff, na abiria wakalalamika kwamba inachukua nafasi.

Bwana Deon aliposikia alishika kichwa kwa mikono miwili. "Si nilikwambia utupe?" alisema. Na kweli alimwambia. Hilo ndilo linalonikera hadi leo, sina hata wa kumtukana. Nilikuwa nimeandaa matusi ya lugha nne, nikayameza yote. Alimpa Pierre-Claver glavu, barakoa na ovaroli ya kuacha kule kule kazini, na mfuko wa machungwa kwa ajili ya mtoto. Alisema alidhani kila mtu anajua.

Mtaniuliza kwa nini Pierre-Claver hakuacha kazi ile. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yake ilikuwa ile karatasi ya ukimbizi ambayo ukiionyesha kwenye ofisi wanakurudishia kwa ncha za vidole. Aliendelea kwenda. Alioga kule, akafika nyumbani akaoga tena, akavua viatu nje ya mlango, na hata hivyo hakumgusa mwanawe mpaka amejikagua kucha. Mara nyingi alikaa upande wa pili wa chumba akimtazama tu.

Sisi wakubwa tulipimwa pia. Plomb tulikuwa nayo, lakini kidogo, ya kuishi nayo. Sufuria zote zilitupwa. Tulifuta fleti kwa matambara mabichi, ukuta kwa ukuta, kama tulivyoelekezwa, na Gloriose alifuata nyuma yangu akiniuliza kila hatua kama hapa nimefuta sawasawa. Yule mwanamke aliyekuwa akinikaripia kwa kuacha kijiko kwenye sinki, sasa alikuwa anaogopa kuosha glasi bila kuniuliza.

Lyse alipewa vidonge vya kutoa plomb mwilini, vinavyonuka kama yai viza. Tulivifungua tukachanganya na ndizi, na mimi nilimlisha huku nimejiziba pua ili nimchekeshe. Akacheka! Rangi ikarudi mashavuni, tumbo likatulia, akaanza tena kukimbia kwenye korido. Kanisani tulimwinua juu watu wakapiga vigelegele. Kila siku nilikuwa napita mlango ule nikisubiri "Tantine Tansi" yangu. Alinikimbilia, alinikumbatia miguu, alinitazama mdomo kwa makini sana nilipoongea. Sauti iliyomtoka ilikuwa "mmm", kwangu, kwa mama yake, kwa lifti, kwa ndizi.

"Ni plomb inabakia kidogo," Gloriose alikuwa akisema. "Ikitoka yote, maneno itarudi. Damu kwanza." Nami nilisema ndiyo, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa nikijiambia.

Siku ya kurudi hospitalini alivaa kitenge chake cha sherehe na kumfunga Lyse utepe mweupe kichwani. Daktari alikuwa amefurahi. Alitugeuzia skrini tuone namna mstari ulivyoshuka, akasema damu imekuwa nzuri, nzuri sana, kuliko alivyotegemea. Nilitafsiri haraka haraka na Gloriose akainua mikono kumshukuru Mungu. Halafu akanigeukia.

"Sasa muulize. Maneno yake itarudi lini?"

Niliuliza. Daktari alimtazama Lyse, aliyekuwa ameketi chini akivua viatu vyake na kuvivaa, akivua na kuvivaa. Alijibu taratibu, akisimama kila baada ya sentensi ili niweze kusema. Dawa inaitoa plomb kwenye damu. Kilichoharibika kichwani dawa haikirudishi. Kuna wataalamu watakaomfundisha kutamka, na baadhi ya vitu atavijifunza, kwa miaka. Lakini yule mtoto wa zamani tusimngoje.

Nilisema yote. Sikupunguza kitu, ila sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Gloriose alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa maelekezo.

"Sawa. Basi aniambie mimi nifanye nini. Kazi iko kazi. Ikiwa kumfanyia masaji, nitafanya. Ikiwa kuchemsha majani, nitatafuta. Mwambie mimi sichoki, hata aniulizie kwa jirani."

Nilimwambia daktari. Aliinama mbele, akaweka mkono wake juu ya mikono ya Gloriose, akasema kwamba hakuna, mama ameshafanya yote yanayowezekana.

"Anasema hakuna, Mama Lyse."

"Hakuna nini?"

"Hakuna cha kufanya."

Gloriose hakuitoa mikono yake chini ya mkono wa daktari. Alinikazia macho, na sauti yake ikawa ya upole, ya kunibembeleza.

"Labda Kiingereza yako haikufika pale, Maman Constance. Si kosa yako. Muulize tena."

Nikamuuliza tena. Nilibadilisha maneno, nikaanzia mbali, nikazunguka, huku namwomba Mungu kwamba kweli Kiingereza changu kiwe kibovu, kwamba miaka yote hii katika mji huu nimekuwa nikiongea upuuzi na watu wananivumilia. Daktari alinisikiliza hadi mwisho. Akajibu yale yale, kwa sauti ya chini zaidi.

Nikamgeukia Gloriose.

"Muulize tena," alisema, kabla sijafungua mdomo.